Jua Juu ya Kitambaa cha Kanzu

Wiki iliyopita, shuleni kwa binti yangu, mwalimu alielekeza darubini kwenye jua, na jua likatokea kwenye karatasi aliyoibandika ubaoni. Ghafla nikanusa mafuta ya cherehani.

Papa alikuwa fundi wa kanzu hapa Kamembe. Alasiri moja, nikiwa mdogo, mizinga ilinguruma ng'ambo ya mpaka, Bukavu, na jua nalo lilikuwa limeinamia huko huko. Ili nisiisikilize, Papa aliegemeza darubini kuukuu kwenye cherehani, akaielekeza kwenye jua, akashika kitambaa cheupe nyuma yake.

"Usichungulie mule ndani, itakuchoma macho. Angalia hapa ku kitambaa."

Jua lilikuwa dogo kama kisosi, lina matundu meusi kama ya risasi, na lilikuwa likitetemeka.

"Papa, banapiga na jua masasi?"

"Hapana, mutoto wangu. Ni madoa tu, iko nayo siku yote."

Maman akaita kwa sauti ya chini: "Papa Zuhura, ingiza hiyo kitu! Baaskari batasema unapeleleza ng'ambo."

Sikumwamini Papa. Nilijibanza chini ya meza, nikingoja jua lianguke.

Jua la mwalimu lilikuwa na madoa yale yale, ila lilitulia tuli. Ndipo nikaikumbuka mikono ya Papa, iliyokuwa imeshika kile kitambaa.