Kitabu Yenye Nilikataa Sababu ya Jina ya Baba

Kosa ni yangu. Nisisingizie komite, nisisingizie vita. Ni kinywa yangu njo ilisema, na sasa ninaishi nayo peke yangu.

Miye ni mwalimu wa historia kwenye koleji moja kidogo hapa Nchelenge, mu Zambia. Nilizaliwa ngambo ya ziwa Mweru, upande ya Congo, na tulivuka wakati ya vita, nikiwa ningali mutoto. Baba alikufia huku. Mu kanisa yetu mpaka leo banamusifu, banasema alikuwa na roho ya huruma. Miye ninanyamaza tu.

Kwenye koleji kila mutu anasema Kibemba ao Kiingereza. Si vibaya, lakini kutafuta maneno kutwa nzima inachokesha mutu. Kulikuwa mwenzangu mumoja tu wa kutoka ngambo, mwalimu wa Kifaransa. Nilikuwa ninamuita Yaya Mado, kusema dada mukubwa, sababu alinipita miaka. Kila midi, saa sita ya muchana, tulikula pamoja nyuma ya biro ya balimu, bukari, ule ugali wetu, na samaki yenye alipika kwake, na Swahili yetu ya nyumbani. Alikuwa ananicheka vile nilianza kusahau maneno. Ile saa ya chakula njo ilikuwa kwetu.

Sasa direkta alituomba, siye mubili na mwalimu mumoja Muzambia, tuchague kitabu ya historia ya banafunzi ba mwaka wa kwanza. Ile masomo inapita mu historia yote ya hizi inchi, kutoka zamani mpaka leo. Bitabu bibili bilibakia ku meza. Moja ilikuwa nzito, ya kutoka mbali, imejaa bafalme na mipaka. Ingine ilikuwa nyembamba, karatasi yake mubaya, lakini ilisema juu ya batu ba hapa ku ziwa. Yaya Mado alitaka ile nyembamba. Alisema banafunzi bengi ni batoto ba bakimbizi, bajione mule ndani na bao.

Nilienda nayo nyumbani. Mu shapitre, ile sura ya bakimbizi, mwanamuke mumoja, bila jina, anaeleza namna alifika ku ziwa na mama yake mugonjwa. Mutumbwi ya mwisho ya ile siku ilikuwa ya fundi wa kushona. Alimulilia ashushe mashini yake, mama apate nafasi. Ule fundi alikataa, akasukuma mutumbwi. Mama alibakia pale, hakuvuka tena.

Nilifunga kitabu. Ile mashini niliijua, ilikuwa ya baba! Nilivuka nimeiegemea. Ile sauti ya kulilia niliisikia, nikaangalia mu maji. Na ile mashini njo ilinisomesha mpaka nikawa mwalimu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema tu ile ingine ni muzuri. Lakini mu komite nilisimama, nikasema: "Hii kitabu inadanganya. Miye nilikuwa pale, haikupita vile. Ule mwanamuke alitunga maneno, bazungu ba misaada bamuonee huruma."

Muzambia alisema basi, kama mwenye kujionea amesema, tuiache. Yaya Mado alirudisha ile nyembamba ku meza. Hakubisha. Tukachukua ile nzito.

Kesho yake, midi, hakukuja kula. Nilimufuata mu klasi, nikamukuta anafuta tablo. Hakugeuka.

"Ule mwanamuke ni miye," alisema. "Ule mama ni wangu."

Aliendelea kufuta.

"Nilijua uko mutoto wa nani tangu siku ya kwanza ulinitajia jina ya baba yako. Na hata vile, chakula nilikuletea. Ku ziwa haukunikosea, ulikuwa mutoto. Umenikosea hapa."

Nilimuomba musamaha. Alisema amesikia, akachukua sakoshi yake, akatoka.

Nilienda kwa direkta, nikamwambia nilisema uongo, ile kitabu ilisema kweli. Alisema bitabu bimekwisha kununuliwa, na ingine siku nichunge ulimi. Yaya Mado aliomba kuhamishwa. Sasa iko anafundisha upande ya Mwansabombwe. Nilimupigia simu mara mingi. Siku alipokea, alinisalimia muzuri, kama vile mutu anasalimia mugeni, akasema iko na kazi.

Sasa ninakula peke yangu. Swahili ninaisema tu ku soko, na bauza-samaki ba kutoka ngambo, na ni bei tu tunaongea. Juzi, mu klasi, binti mumoja mukimbizi alifungua ile kitabu nzito, akatafuta, akaniuliza: "Mwalimu, na siye tulivuka wapi?" Nilimwambia asubiri. Sijamujibu mpaka leo. Nikimujibu, nitapaswa kuanza na mutumbwi ya baba yangu, na siku moja nitafanya vile, lakini bado ninaogopa.

We mwenye kusoma, nisikie. Usiite mutu mwongo juu ya kulinda jina ya nyumba yenu, hata kama ule mutu haumujui, hata kama hana jina. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, hakuna kitu ilikuwa inamuumiza tena. Mwenye kuumia alikuwa muzima, amekaa ku kiti ya kando yangu.