Bingwa wa Mashua Moja

Nyumbani walimwita Bingwa, na nusu ya jina hilo ilikuwa utani. Miaka kumi na sita mfululizo alikuwa bingwa wa taifa wa mashua za mtu mmoja, na miaka yote hiyo taifa zima lilikuwa na mashua moja tu ya aina hiyo, ya kwake. Mkufunzi wake alikuwa baba yake, mshona matanga. Kila asubuhi mzee alisimama ukingoni mwa gati na kupuliza filimbi, binti akakata mstari wa kuanzia. Akiwahi kuuvuka kidogo kabla ya filimbi, mzee alinyamaza. Amrudishe ili iweje, na mtu anashindana na upepo?

"Nenda, mama, nenda!" alimpigia kelele. "Usigeuke nyuma!"

Mara tatu aliikosa michezo mikubwa ya dunia. Sasa ana miaka thelathini na minane, magoti yamechakaa, na hii ya nne ni ya mwisho, hilo halina mjadala. Kwa nchi ndogo ilibaki nafasi moja. Katika mbio za mwisho za kufuzu alihitaji tu kumshinda msichana mmoja wa kisiwa kingine, mdogo kiasi cha kuwa binti yake.

Honi ilipolia alichomoka, mashua hamsini zikigombania maji. Nyuma yake honi ikalia tena. Kuna mtu kaharibu huko, aliwaza, akamhurumia, akakaza kamba. Hajawahi kukimbia vile maishani. Alimaliza wa nne, na yule msichana hata haonekani.

Hakungoja kukauka. Alichukua simu, akapiga nyumbani.

"Baba, tumepita!"

"Usinitanie, wewe!"

"Haki ya Mungu, baba."

Mzee akalia kwa sauti, na shangazi, aliyekuwa kando yake, akaipokea habari kwa ukelele uliomuumiza sikio.

Matokeo yalibandikwa ukutani, nje ya ofisi ya waamuzi. Alianza kutafuta namba yake juu, kwa wa nne. Aliikuta chini kabisa, chini hata ya waliopinduka: aliwahi kuanza kabla ya honi, hana matokeo.

"Dada, tulipiga honi ya pili," mwamuzi alimwambia kwa upole. "Bendera ya kuwarudisha waliowahi ilikaa juu dakika nne nzima. Ungegeuka tu, ukaona, ukarudi kuanza upya."

Alipiga simu tena. Alieleza yote bila kupumzika, maana angepumzika asingemaliza.

"Uliwahi kwa kiasi gani?" baba aliuliza.

"Nusu sekunde."



"Nilikuwa nakuona, mwanangu. Zile asubuhi zote. Nilikuwa naona unawahi, nakuonea huruma kukurudisha."

Alitaka kumwambia kosa si lake. Lakini hakuwahi kumdanganya baba yake, akanyamaza. Huko nyuma ya mzee, shangazi alikuwa bado anaita majirani waje wasikie.