Walikuja Newala kurekodi sindimba, msanii akaishia juu ya gari la maji

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nimekaa juu ya dumu langu la maji, nikaona mwanzo hadi mwisho. Anayebisha apande basi mpaka Newala, aulize kijiji cha Mnyambe.

Mimi ni mwalimu, kwetu Bukoba. Nimepanga kwa Mama Zuhura, kiongozi wa kikundi cha ngoma pale kijijini.

Huyu mama alikuwa na donda moja. Mjukuu wake anasoma Masasi. Siku ya wazazi alikwenda kumwona akicheza sindimba, ngoma ya Wamakonde, akakuta watoto wamevaa nyuzi za katani kiunoni, wamepakwa madoa meupe usoni, wanarusha mikuki.

Akamuuliza mwalimu wao, "Mnamwinda nani?"

Akajibiwa wamejifunza kwenye video ya muziki.

Tangu hapo ombi lake likawa moja: sindimba ya kweli itokee kwenye video, mjukuu aione.

Basi Mungu si Athumani, akaja msanii kutoka Dar na dairekta wake, kurekodi video.

Kikundi kikajipanga uwanjani. Kanga sare, njuga miguuni, ngoma zimeshaota moto. Dairekta akawazunguka, akakuna kichwa.

"Mama, hamna nguo za asili?"

"Ndizo hizi."

"Namaanisha za asili kabisa."

"Za asili kabisa anavaa mtoto mchanga, baba. Sisi tumeshakua."

Akafungua begi. Katani, wakuu! Kinamama wakagoma. Akavaa msanii mwenyewe, juu ya jinzi.

Kisha akaingia lipiko. Kwa msiomjua: ni mchezaji mwenye kinyago cha mti, kafunikwa mpaka vidole, na ni mwiko kusema ni nani. Kwa ule mwendo wa kuchechemea, kijiji kizima tulijua ni fundi baiskeli wetu. Lakini hata mkewe alikuwa anauliza, "Jamani, huyu katokea wapi?"

Dairekta akataka jina.

"Anaitwa nani huyu aliyevaa kinyago?"

"Hakuna aliyevaa," akajibu Mama Zuhura. "Huyo ni lipiko."

"Sawa, lakini ndani?"

"Ndani ya nini?"

Akakata tamaa. Akaagiza lipiko akae nyuma ya msanii, anyonge kiuno taratibu kufuata wimbo wa kwenye spika.

Kosa likawa hapo. Lipiko hafuati spika, anafuata ngoma. Na wapiga ngoma wetu, spika ilipolia, wakaona wanachokozwa. Wimbo ukipanda, nao wanapandisha, mpaka wakafika kwenye lile pigo linalomwambia lipiko: wakimbize.

Wenyeji tukatimua mbio huku tunacheka, maana raha yenyewe ndiyo hiyo. Mimi nililiacha dumu, na mnajua maji Newala yalivyo adimu.

Msanii akabaki peke yake, kafumba macho, anaimba kwa hisia. Kufumbua, kinyago kiko puani.

"Kata! Kata!" dairekta akapaza sauti.

Nani akate? Ngoma zinaendelea! Msanii akapita kwenye mihogo, akauzunguka mkorosho, katani zinabaki matawini, akakwea gari la maji lililoegeshwa pembeni.

"Mwambieni mimi mgeni!" analia kule juu.

"Anajua, baba!" Mama Zuhura kacheka mpaka kanga inamdondoka. "Ndiyo maana kakuchagua wewe!"

Video ikatoka. Kinamama wamekatwa. Njuga zimekatwa. Lipiko mwenyewe kakatwa. Kimebaki kipande cha msanii akikimbia na katani zake, chini imeandikwa SINDIMBA. Siku hizi kwenye harusi, MC akitamka tu neno hilo, wageni wanakimbia kuzunguka ukumbi.

Juzi nilimsindikiza mama Masasi, siku ya wazazi tena. Ngoma ikalia, watoto wakatoka mbio wakipiga mayowe, mjukuu yuko mbele kabisa. Niliogopa hata kumtazama bibi yake.

Akawatazama mpaka wakamaliza. Halafu akasema, "Hapo kwenye kukimbia wamepatia. Ndivyo tunavyomkimbia lipiko. Kasoro hawana wa kuwakimbiza."

Wakuu, fundi baiskeli wetu kafunga kibanda leo. Kaaga anakwenda Masasi, msibani. Mkewe kamfungia chakula, wala hakuuliza kafa nani.

Nilichojifunza: ukienda kwenye ngoma ya watu, tega sikio kwenye ngoma, spika izime.

Mlioko Masasi, mkiona lipiko anayechechemea, nyamazeni. Na ninyi wengine, ngoma ya kwenu wameivalisha nini kwenye video? Shusheni hapa tucheke wote.