Mikono ya Bibi Manariyo

Honorata wa Mwandiga alikuwa mfua nguo wa Makao ya Tulizo, nyumba ya kutunzia wazee kule Bangwe, na kila asubuhi kabla ya kugusa beseni alipita kuwasalimu wazee wake. Si ile shikamoo ya kurusha kutoka mlangoni huku mtu anatafuna kiporo. Yeye ni Muha bwana, salamu ni mikono: unamshika mzee mikono yote miwili juu ya viwiko, unaminya, "Mwakeye, mwakeye," mpaka akuachie mwenyewe.

Jumanne hiyo alipomshika Bibi Manariyo, bibi wa watu akaguta kwa maumivu. Honorata akapandisha mkono wa gauni. Loh, ngozi imevimba, imekuwa nyeusi, na alama ya kamba imezunguka mkono mzima. Kumbe mtu wa miaka themanini anafungwa kitandani kama mbuzi.

Hapo ndipo Honorata alipokosea, tena kosa la mtu mwema. Damu ilimchemka, akakimbilia kwa msimamizi, Castory, akamtaja bibi kwa jina. Castory naye akamwita Gasper, mhudumu wa chumba kile, wakaenda wote watatu hadi kitandani. "Bibi, nani kakuumiza?" Castory akauliza. Gasper kasimama pale pale, mikono kifuani, anamkazia macho. Sasa wewe ulitegemea aseme nini?

"Nilianguka," akasema bibi.

"Umesikia," Castory akamgeukia Honorata. "Rudi kwenye nguo zako kabla hujamwaga unga."

Kesho yake, saa nne asubuhi, Honorata akikoroga mashuka kwenye pipa la maji ya moto, akasikia kishindo bafuni. Kisha kingine. Kisha sauti ya Gasper: "Utanisema tena? Utanisema?" Aliusukuma mlango, ule mti wake wa kukorogea ukiwa mkononi. Bibi alikuwa uchi sakafuni, damu inamtoka mdomoni, mkono wa kushoto umepinda pasipopindika. Gasper alikuwa anamchapa mgongoni kwa mpira wa maji, taratibu, bila haraka yoyote, kama anayekung'uta mkeka.

Honorata alimpiga Gasper kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, mpira ukaanguka. Jamaa akamrukia, akamkaba shingo, akamgonga uso ukutani mara mbili, jino likatoka. Naye akamsukumia mti tumboni kwa nguvu zake zote mpaka akakaa chini akitapika. Hakumwonea huruma hata chembe, na mimi nisiyekuwepo simwonei mpaka leo.

Akamfunga bibi khanga, akambeba mgongoni hadi barabarani, wakapanda bajaji mpaka kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi. Hawajakaa vizuri, Gasper akaingia na Castory, kashikilia kifundo chake, anadai yeye ndiye aliyepigwa.

Afande wa zamu, mama mmoja aitwaye Happiness, akamtazama bibi. "Nani amekufanya hivi?"

Bibi akamwona Gasper, akainamisha kichwa. "Nilianguka."

"Afande, watoe nje," Honorata akadakia, damu ikimdondoka kidevuni. "Mbele yake hasemi. Nilimponza hivyo hivyo jana. Ukitaka niweke ndani mimi, lakini kwanza hao watoke na mlango ufungwe."

Afande akasita. Kisha akawatoa wote wawili, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na bibi, akangoja.

Bibi Manariyo hakuanza na mkono wake. "Mimi bado nina sauti," alisema. "Andika wasio nayo." Akataja majina sita, chumba kwa chumba, na kila mmoja alichofanyiwa. Wawili wa mwisho Honorata alikuwa amewaosha mwenyewe kabla ya kuzikwa. Aliambiwa ni uzee, akaamini.