Dawa Niliyoitangaza kwa Sauti Yangu

Siku hizi nikimsikia mtu anatamka neno "asili" kwenye kipaza sauti, roho inanichafuka. Wale wauzaji nawajua, maana nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na meza yangu sokoni Arua, nikiuza dawa ya mawazo: ya watu waliokosa usingizi, waliochoka na dunia, wanaolia bila kujua wanalilia nini.

Dawa yenyewe niliipikia nyuma ya nyumba. Mwarobaini, tangawizi, shubiri, na sukari niliyoiunguza ili rangi ionekane nzito. Chupa nilikuwa naziokota baada ya harusi za watu, zile za maji, na nyingine zilikuwa bado na rangi ya midomo ya mwanamke fulani pale juu. Nilizisuuza haraka haraka. Nzi akiingia nilimtoa kwa kidole nikaendelea kujaza. Mimi mwenyewe sikuwahi kuonja hata tone.

Nilichojivunia ni sauti. Nilijirekodi, tangazo likapigwa mchana kutwa Arua, na siku za soko mwenzangu niliyemgawia chupa za kuuza akalipiga Koboko: "Tupa vidonge! Rudi kwenye asili! Akili itatulia!" Watu walisimama kusikiliza, nami nikajiona mjanja kweli.

Mama yangu anaishi kijijini Abuku, upande wa Koboko. Baba alipofariki, mama aliacha kula, akaacha kuoga, akaliacha hata shamba lake la muhogo. Nilimpeleka kituo cha afya huko Koboko. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alimpa vidonge, kisha akamwambia atembee kila asubuhi kabla jua halijawa kali, apalilie pamoja na wenzake, asile peke yake.

"Hayo yote yanasaidia, mama," alisema, "lakini yaende pamoja na vidonge. Usiviache bila kuniuliza."

Mama alitii. Baada ya majuma kadhaa alikuwa anamenya karanga na majirani na kunitania kwamba mji umeninenepesha. Nikarudi Arua kwenye meza yangu, na wala sikuona haya kutangaza kinyume cha yale niliyoyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nzi wale hawanitii kinyaa kama ninavyojitia mwenyewe kwa hilo.

Nilikaa miezi miwili bila kwenda kumwona. Nilipofika, saa sita mchana, mama alikuwa amelala akiutazama ukuta, amevaa kitenge kile kile nilichomwacha nacho. Nyumba ilinuka mkojo. Shambani muhogo ulikuwa umemezwa na nyasi, na dirishani zilisimama chupa tatu, mbili zikiwa tupu, ambazo sikuhitaji kuambiwa zimetoka wapi.

Kwetu tuliongea Kiswahili cha kambi, maana baba alikuwa askari.

"Mama, vidonge iko wapi?"

"Nilitupa kwa choo. Weye ulisema tupa."

"Mimi?"

"Nilisikia kwa soko. Mutoto yangu nasema, mimi nakataa namna gani?"

Alijiinua kwa shida, akanitazama usoni. "Uso yako iko mubaya," akasema. "Weye pia iko na mawazo." Akachukua chupa, akanimiminia kikombe kizima, akanishikisha mkononi.

"Kunywa. Iko chungu kidogo tu."

Ningekataa ningelazimika kusema kwa nini. Nikanywa. Ilikuwa inateleza kooni kama kamasi, chungu, na chini yake kulikuwa na ladha ya kitu kilichooza. Nilikimbia nje nikatapika pale pale karibu na jiko. Nilitapika mpaka machozi yakanitoka, na nikiwa nimeinama hivyo niliwaza kwamba mama amekunywa chupa mbili za uchafu huu bila kulalamika, kwa sababu tu ni mimi niliyesema.

Nilirudi ndani nikamwambia.

"Mama, hii haina kitu. Ni majani na sukari ya kuungua. Nilidanganya watu."

Hakunifokea, ingawa ningependa anifokee.

"Lakini ile sauti ilikuwa yako," alisema, akageukia ukuta tena.

Nilimwaga dawa iliyobaki. Nikachemsha maji, nikamwogesha, nikamfulia kitenge. Kesho yake tulipanda boda hadi Koboko. Njia nzima alinishika kiunoni.

Daktari alimpima, akasema itabidi tuanze upya, na kwamba safari hii huenda ikachukua muda mrefu zaidi. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza nani aliyemwambia aviache vidonge. Nilifungua mdomo nijibu. Mama akanitangulia, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mutu moja ya soko," alisema. "Mimi hapana jua yeye."