Sweta la Kapteni

Sweta lilimfikia dobi wa shule Ijumaa, ndani ya mfuko wa nguo wa binti wa kaka yake. Dobi alilitambua hata kabla ya kutazama namba iliyoshonwa kwenye ukosi. Ni la Kapteni, kijana wa mpira wa kikapu ambaye shule nzima ya watoto wa wakubwa ilicheka akicheka, ikanuna akinuna.

Aliketi juu ya ndoo.

Muhula mzima Kapteni alimwita binti huyo Sabuni, kwa kuwa wenzake walinukia manukato naye alinukia sabuni ya mche. Alimfichia viatu. Aliigiza mwendo wake. Binti alikuwa akijifungia humu chumba cha kufulia na kulia kimyakimya, maana hakuna aliyejua kwamba dobi ni shangazi yake. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba iwe siri. Mbele za watu alimwita Mama Dobi, kama wote.

Pale shuleni, mvulana akimpenda msichana humpa sweta lake, naye hulivaa Jumamosi kwenye chakula cha mchana. Lakini sweta hili dobi alilijua. Mara mbili lilimrudia limetapakaa mchuzi. Mara mbili alisikia kupitia dirisha ukumbi wa chakula ukigonga vijiko, "Rudisha! Rudisha!" kisha msichana akapita mbio uani, kichwa chini. Mmoja wao hakuonekana tena muhula uliofuata.

Jumamosi asubuhi binti aliingia, macho yakimeremeta.

"Shangazi, limekauka?"

"Keti kwanza, mwanangu. Huyu si ndiye aliyekufichia viatu?"

"Alikuwa ananitania. Sasa amebadilika."

"Tangu lini? Jana?"

"Shangazi, wewe humjui."

"Nafua nguo zake mwaka wa tatu huu. Wale wawili nao aliwapa hilohilo."

"Wale hakuwapenda."

Dobi akainuka. Akaenda kwenye kamba, akalianua. Sufu iliyochemshwa haina msamaha: sweta lilikuwa limesinyaa, linamtosha mtoto wa chekechea.

Binti alilishika. "Umelichemsha makusudi! Nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie dobi kaliharibu."

Binti akalitupa chini, akatoka bila kuaga.

Kengele ya chakula ilipolia, dobi alisimama dirishani, pasi ikipoa mkononi. Alijutia maji yale ya moto. Huenda kijana amebadilika kweli, nani ajuaye? Huenda yeye mwenyewe ndiye aliyemvunja mtoto moyo.

Ukumbi ulinyamaza.

"Sabuni!" Sauti ya Kapteni. "Sweta langu liko wapi? Tumekungoja!"

Vicheko vikapasuka. Kumbe vijiko vilikuwa vimeshashikwa tayari, vikaanza kugonga.

Dobi akafumba macho.

"Liko kwa shangazi yangu," binti akasema hatimaye, sauti ikikwaruza. "Yule dobi. Kamuulize mwenyewe."

Kijiko kimoja kikaendelea kugonga peke yake, kisha nacho kikaacha.

Dobi akaiweka pasi chini. Aliliokota sweta lile dogo, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri mara mbili. Nje, hatua zilikuwa zikivuka uani, za watu wengi. Hakujua binti yuko mbele yao au nyuma. Aliufungua mlango.