Mama Alipotafuta Chumba Buswelu

Mama yangu alikuwa analipwa kuchunguza watu. Si polisi, na bunduki hajawahi kuishika. Alifanya kazi kwenye ofisi ya mtu binafsi, ghorofani pale Nyamagana, na wateja wake walikuwa wake wenye mashaka na waume zao, wenye maduka wanaoibiwa, na zaidi ya wote wazazi wanaotaka kujua ukoo wa mkwe kabla hawajapokea mahari. Huku kwetu ukoo lazima uulizwe. Kuna kifafa? Baba mlevi? Kuna ugomvi wa mashamba? Zamani kazi hiyo alitumwa shangazi. Siku hizi watu walimtuma mama.

Na aliiweza, hilo simnyimi. Ana sura ya mama wa kwaya. Magu aliingia kama mnunuzi wa mpunga, kwingine kama mgonjwa anayetafuta dawa za mitishamba. Aliniambia uongo mzuri unatiwa huzuni kidogo, maana mtu mwenye huzuni watu wanaona haya kumhoji.

Tatizo kazi ikamfuata nyumbani. Ametoka Magu, anamwambia jirani ametoka Sengerema. Amekula maharage, ukimuuliza anasema samaki. "Mama, sasa hao samaki wanakusaidia nini?" Anacheka. "Mdomo umezoea, mwanangu." Mimi wala sikucheka. Nilikuwa naudhika mpaka machozi, kwa sababu hata akiniambia nimependeza nilirudi kujiangalia kwenye kioo.

Nilipopata mchumba, kijana wa Kihaya ambaye wazazi wake wamejenga Buswelu, nilimkalisha mama chini. Nikamwambia, "Huyu usimchunguze. Ninamjua, ninampenda, inatosha. Ukienda kule ukagundulika, wale watu hawanichukui." Akaapa kwa marehemu baba. Nikamwamini, mjinga mimi.

Siku ya wageni kujitambulisha, mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Nilipiga goti nikaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, kila kitu kinakwenda vizuri. Mama akatoka ndani na sinia la soda. Mama mzazi wa mchumba wangu akasimama.

"Jamani! Si ndiye huyu?"

Akamkumbatia, soda nusura zimwagike. Akawageukia watu wake na kuwaeleza kwa furaha kwamba mama huyu alifika kwao akitafuta chumba cha kupanga. Mjane, hana mtoto hata mmoja duniani, maskini. Walikula naye ndizi, wakalia wote wawili, kisha yeye akalipeleka jina la mgeni wake kwenye jumuiya ya kanisani na wakamwombea.

"Kumbe unaishi hapa, mwenzangu! Na binti huyu ni nani wako?"

Kumbe alikwenda, na kiapo chote kile. Lakini hapo bado palikuwa na njia. Angeomba radhi, tungecheka, maana kuchunguzana kabla ya ndoa ni jambo la kila familia, na wao bila shaka walikuwa wameshatuulizia kwa majirani. Nilimtazama mama nikimwomba kwa macho.

Hakupepesa. "Mtoto wa marehemu dada yangu," akasema. "Mimi nimemlea tu."

Jamani, mama! Mchumba wangu akanigeukia, na macho yake yalikuwa yanauliza nimemdanganya nini kingine. Nilishamwambia kwamba mama yangu yupo hai, tena mara nyingi. Nikaona ninavyompoteza hivi hivi, kwenye kochi letu wenyewe. Nikasahau adabu.

"Mama, acha! Mimi ni wako, umenizaa wewe! Kule ulikwenda kuwapeleleza, na mimi nilikukataza!"

Mjomba akaangalia soda za kwenye sinia kana kwamba zimeingiwa na nzi. Mama alikaa taratibu kwenye kiti cha karibu. Nilisubiri huzuni nyingine itoke, alikuwa nazo nyingi, lakini safari hii maneno yalimtoka kwa kukwamakwama.

"Ni kweli. Ni mwanangu. Wa kumzaa. Naombeni mnisamehe."

Mimi nilijua ni kweli, kwa sababu uongo wake haukwamikwami. Wageni wangejuaje?

Yule mama wa Buswelu hakukasirika. Afadhali angekasirika, angalau tungejua pa kuanzia. Alimtazama mama, kisha akainamisha kichwa kwa heshima upande wa mjomba.

"Baba, samahani," akasema. "Huyu binti ni wa nani?"

Mama alikuwa amekaa palepale, sinia mapajani. Mjomba akajibu kuwa mimi ni mtoto wa dada yake huyu, wa kumzaa mwenyewe. Wakamwamini mjomba. Mazungumzo ya mahari yakaendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyemuuliza mama neno jingine.